Mwongozo kamili wa kukusanya vifaa vya zamani vya ski kwenye mitumba ya Tanga

Belo la makoti ya baridi likifunguliwa Tangamano, wateja huchambua haraka: la mtoto, la kike, la kiume, zipu nzima, zipu mbovu. Ndani ya lundo hilo huwamo makoti yaliyoshonwa kwa kazi moja tu, ya kumvika mtu anayeteremka mlima wa theluji akiwa amesimama juu ya vibao viwili vyembamba, yaani ski. Utayatambua kwa kitambaa kinachoteleza mkononi, kola ndefu ya kufunika kidevu, na mkanda mpana wa ndani wenye mpira unaozuia theluji isiingie kiunoni. Rangi zake nazo zinawaka: waridi, zambarau, kijani cha ndimu, mara nyingi zote kwenye koti moja.

Hayo ndiyo ninayokusanya, pamoja na glavu, miwani, viatu, fimbo, beji na, kwa nadra, ski zenyewe. Ni vitu vyenye historia ndefu na ufundi mkubwa, na kwetu vinafika vikiwa vimekatwa na historia hiyo. Koti limetoka Austria au Uswisi, likapita ghala la kuchambulia, likashindiliwa ndani ya belo, likapanda meli. Anayelifungua hapa hajui lilikuwa la nini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, na nitairudia, ni hii: soma kitu kabla hujakifua. Habari nyingi za koti hukaa kwenye karatasi, wino na uchafu, na vyote hivyo huondoka na maji ya kwanza.

Hatua ya kwanza: chagua eneo lako

Usikusanye kila kitu chenye harufu ya theluji. Ski kama mchezo wa mashindano ina zaidi ya miaka mia, na Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Vifaa vya wakati huo vilikuwa vya mbao na ngozi. Mwaka 1950 Mmarekani Howard Head alianza kuuza ski zenye aluminiamu, na miaka kumi baadaye Mfaransa Jean Vuarnet akashinda dhahabu ya Olimpiki kwa ski za chuma. Katika miaka ya 1960 viatu vya plastiki vya Lange vikaanza kuvisukuma nje vile vya ngozi. Mwaka 1993 kiwanda cha Elan cha Slovenia kikatoa ski fupi zenye kiuno chembamba na ncha pana, na baada ya muda zile ndefu zilizonyooka zikawa vitu vya kutupwa.

Kwa mtu wa Tanga, ushauri wangu ni kuanza na mavazi ya miaka ya 1970, 1980 na mwanzoni mwa 1990. Ndiyo yanayofika, ndiyo yenye rangi, na nailoni yake inavumilia safari. Ukisubiri ski za mbao za mwaka 1930 utazeeka barazani. Zinazofika hutoka kwenye makontena ya samani zilizotumika kutoka Ulaya, zikiwa zimechomekwa nyuma ya kabati, na mwenye duka huziuza kama mbao.

Wapo watakaokuambia mambo haya hayatuhusu. Waambie kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walitumia ski Kilimanjaro, wakati reli ya kutoka Tanga ilikuwa ndiyo kwanza imefika Moshi. Mwaka 1984 Msenegali Lamine Guèye aliteremka kwenye Olimpiki ya Sarajevo. Na mwaka 1998 huko Nagano, Philip Boit wa Kenya alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, akamkuta bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, amemsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mimi nikipata chochote cha Nagano 1998, hata beji iliyovunjika pini, siiachi.

Hatua ya pili: nunua wakati wa joto

Watu wengi hawalijui hili, nalo linapunguza gharama kuliko ujuzi wowote wa kupatana bei. Makoti mazito ya Tanga yana wateja wawili wakubwa kutoka nje. Wa kwanza ni wafanyabiashara wa Lushoto, ambako Juni na Julai baridi inauma kweli. Wa pili ni wale wa Moshi wanaokodisha mavazi kwa wapanda mlima na wapagazi. Hao wakishuka, koti zuri halimalizi saa moja kwenye meza. Lakini Januari na Februari, kaskazi ikivuma na watu wakitafuta kivuli, muuzaji analitazama koti la ski kama mzigo. Nenda wakati huo.

Nenda pia asubuhi belo linapofunguliwa, halafu urudi jioni. Asubuhi unaona kitu kikiwa na kila kilichokuja nacho. Jioni unapata bei. Jitambulishe kwa wauzaji mpaka wakujue kwa unachokitafuta, na uwaombe jambo moja tu: wasikate vikaratasi. Muuzaji wa mitumba anapenda kulisafisha koti kabla ya kulitundika, na kitu cha kwanza anachokikata ni kile kipande cha karatasi kinachoning'inia kwenye zipu. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mjomba. Leo lipo moja, jekundu, lakini zipu ina takataka, ngoja niikate."

"Marahaba mwanangu. Usiikate. Hiyo takataka ndiyo ninayoilipia."

Akishaelewa kwamba karatasi inaongeza bei badala ya kuipunguza, hataikata tena, na atawaambia wenzake.

Hatua ya tatu: lisome koti

Hapa ndipo penye utamu wote. Kaa mahali penye mwanga, tandika kitambaa cheupe, uanze na zipu.

Kipande cha karatasi kwenye zipu ni tiketi ya lifti. Mchezaji hapandi mlima kwa miguu. Hulipia kiti kinachoning'inia kwenye waya, naye zamani alitundika tiketi kwenye koti ili mkaguzi aione. Wengi hawakuitoa hata msimu ulipoisha. Tiketi nzuri ina jina la mlima, tarehe na bei. Bei ikiwa kwa shilingi za Austria, marki za Ujerumani, faranga za Ufaransa au lira za Italia, basi ni ya kabla ya euro kuingia mifukoni mwaka 2002. Tarehe ikiwa imefifia, piga picha kwa simu ukiwa umeilaza tochi ubavuni. Alama za mashine ya kupigia chapa hutoa kivuli, nawe utaweza kuzisoma.

Kisha nenda kwenye lebo ya kola na ile ya ubavuni. Nchi iliyoandikwa ni kalenda. "W. Germany" ni kabla ya Ujerumani mbili kuungana Oktoba 1990. "Yugoslavia" mara nyingi hukupeleka kabla ya miaka ya mwanzo ya 1990, na "Czechoslovakia" kabla ya mwaka 1993. Lebo yenye anwani ya tovuti si ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Kimfuko kidogo chenye zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko au kifundo, ni cha kadi ya kielektroniki ya lifti, na mara nyingi maana yake ni koti la juzijuzi. Kijipande kigumu chenye neno Recco ni kiakisi cha Kiswidi kinachowasaidia waokoaji kumpata mtu aliyefukiwa na maporomoko ya theluji. Hicho pia ni cha miaka ya 1980 kuja mbele.

Chapa nazo zina tabia zake. Bogner ya Ujerumani huweka herufi B kwenye kishikio cha zipu, na kampuni hiyo ndiyo iliyotamba na suruali za ski za kuvutika katika miaka ya 1950. Descente ya Japani ina mishale mitatu inayoshuka, ikiwakilisha namna tatu za msingi za kuteremka. Nembo ya Ellesse ya Italia ni nusu ya mpira wa tenisi pamoja na ncha za ski. Moncler ilianza mwaka 1952 karibu na Grenoble, na waigaji wake ni wengi mno, kwa hiyo koti la Moncler lenye lebo iliyonyooka kupita kiasi na mshono uliopinda liache lilipo. Ukweli ni kwamba utakachokikuta zaidi Tanga ni Rodeo ya maduka ya C&A, pamoja na chapa za Etirel na Crane. Usizidharau. Hizo ndizo walizovaa watu wa kawaida, walimu, mafundi na watoto wa shule waliopelekwa mlimani mara moja kwa mwaka, na mtu akitaka kujua mchezo huu ulivyokuwa kwa wengi ni bora aanze na Rodeo kuliko Bogner.

Maliza na mifuko. Tia mkono mpaka kwenye pindo, kwa sababu mifuko ya zamani hutoboka na vitu huangukia ndani ya bitana. Humo hutoka ramani za njia za mlimani zilizokunjwa mara nane, mafuta ya midomo, stakabadhi za supu, sarafu. Koti moja la watoto nililolipata lilikuwa na glavu moja ndogo iliyoshonewa kamba ndefu, nayo kamba ilipita ndani ya mikono yote miwili ya koti hadi upande wa pili, ambako glavu ya pili ilikuwa imekatika. Ukiona hiyo kamba unamwona mama aliyechoka kununua glavu mpya kila wiki.

Ukikuta jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ndani ya kola, lihifadhi kwenye daftari lako tu. Usilipige picha na kulirusha mtandaoni. Huenda mwenyewe yu hai.

Hatua ya nne: jaribio la kitambaa kabla ya kulipa

Sugua upande wa ndani kwa kidole gumba. Ukitoa vipande vyeupe kama magamba, au ukihisi kunata, utando wa ndani wa poliyurethani, plastiki ya kuzuia maji, umeanza kuoza. Nusa pia: harufu kali ya uchachu ni dalili hiyohiyo. Unyevu na joto ndivyo vinavyouvunja utando huo, na Tanga tuna vyote viwili kwa wingi, hivyo hali haitarudi nyuma. Koti la namna hiyo linunue tu kwa ajili ya tiketi, beji au nembo iliyoshonewa.

Miwani nayo huwa na sponji inayogeuka unga ukiigusa. Si kasoro kubwa. Kioo na mkanda ndivyo vyenye thamani, nayo sponji fundi hodari atakubadilishia.

Hatua ya tano: kufua

Umeshapiga picha, umeshatoa tiketi na karatasi zote ukaziweka ndani ya kitabu? Sasa fua.

Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya mwambao vina chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya zipu ya chuma kutu huanza baada ya wiki chache. Tumia sabuni laini ya maji, kidogo, katika maji ya baridi. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo wala sabuni ya unga yenye nguvu. Koti la pamba bandia lisukume majini kwa viganja, usilifikiche. Koti la manyoya ya bata linahitaji subira zaidi: likamue kwa kulibana, usilisokote, kwa maana ukilisokota manyoya hukusanyika pembeni na kuta za ndani huchanika. Lilaze juu ya chekeche au kitanda cha kamba kivulini, uligeuze mara kwa mara, na uvunjevunje mabonge ya manyoya kwa vidole mpaka likauke kabisa. Litachukua siku kadhaa. Katika masika usianze kazi hiyo, maana litavunda kabla ya kukauka.

Jua la moja kwa moja ni adui wa rangi zile zinazowaka. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Zipu ngumu ipake nta ya mshumaa, uifungue na kuifunga taratibu. Ikiwa imekufa, mwambie fundi cherehani abadilishe kile kisukuma tu na kukuachia meno na kishikio cha asili, hasa kama kishikio kina nembo.

Hatua ya sita: viatu, fimbo na ski

Viatu vya ski huja peke yao, mara nyingi mguu mmoja, na watu hudhani ni vya hospitali au vya pikipiki. Tazama chini au ndani ya ganda la plastiki utafute duara dogo lenye namba 1 hadi 12 na mshale. Mshale ni mwezi, namba ya katikati ni mwaka ganda lilipomiminwa. Saizi huandikwa kwa sentimita za unyayo, mfano 27.5. Viatu vinavyofunguka kwa nyuma, kama SX ya Salomon iliyotoka mwaka 1979, ndivyo ninavyovipenda zaidi. Vilikuwa rahisi kuvaa, vikauzwa sana, kisha vikapotea madukani ndani ya miongo miwili.

Kiatu cha zamani cha plastiki ni cha kutazama tu. Ganda linaweza kuonekana zima na likapasuka ghafla mtu akikanyaga, kwa sababu plastiki imeoza kutoka ndani. Usimruhusu yeyote akivae hata kwa picha ya mzaha. Vifungio vya ski, vile vinavyokishika kiatu juu ya kibao, ni vivyo hivyo: springi iliyokaa miaka thelathini huenda isiuachilie mguu inapotakiwa.

Kwa ski zenyewe, kutu kwenye kingo za chuma iondoe kwa sufi ya chuma laini na tone la mafuta ya cherehani, ukifuata urefu, kisha futa mpaka kitambaa kitoke safi. Upande wa chini, unaogusa theluji, hupenda nta. Mshumaa wa kawaida ni parafini, na nta nyingi za ski zina asili hiyo, hivyo utakufaa kwa kuhifadhi. Dondosha nta, kisha isambaze kwa pasi ya umeme iliyo kwenye moto wa chini. Ikitoa moshi, pasi ni ya moto mno. Pasi ya mkaa usiithubutu, huwezi kuupima moto wake. Ski za mbao usizipige msasa wala kuzipaka vanishi mpya, hata kama fundi seremala atakusihi. Rangi iliyopauka na mikwaruzo ndiyo historia yake. Zipanguse vumbi, zipake mafuta ya kitani kwa kitambaa, uziangalie kila mwezi kwa mchwa.

Hatua ya saba: kuhifadhi karibu na bahari

Nyumba za Raskazone hupata hewa ya chumvi kuliko za Ngamiani, lakini hakuna aliye salama. Usifunge koti kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu hubaki ndani na ukungu huota. Lifunge kwa marekani au kanga kuukuu iliyofuliwa isiyochuja rangi, ulitundike kwenye kiango kipana. Weka mbali na ukuta wa nje. Vile vifuko vya chumvichumvi vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vyombo vya umeme usivitupe. Vikusanye, uviweke kwenye sanduku la beji na tiketi. Nondo na mende wafukuze kwa majani makavu ya mwarobaini. Naftalini isiguse plastiki, maana huilainisha na kuiharibu.

Baada ya masika, Juni hivi, toa kila kitu nje kivulini kwa siku moja. Hiyo ndiyo siku ya kukagua.

Hatua ya nane: daftari na baraza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu kipe namba, andika kilikonunuliwa, mwezi na mwaka, kilichokutwa mfukoni, kila neno lililo kwenye lebo kama lilivyoandikwa, na kasoro zake. Shonea kijikaratasi chenye namba kwa uzi wa pamba, usitumie pini.

Halafu tafuta watu. Tanga ina wazee waliosoma Ujerumani, Urusi na Bulgaria, mabaharia waliotia nanga bandari zilizoganda, na jamaa waliowahi kwenda Eckernförde, mji rafiki wa Tanga. Wachache waliteleza. Wengi walitazama tu, au walifanya kazi jikoni kwenye hoteli za mlimani, au walivaa makoti ya namna hii kwenda chuoni. Kumbukumbu zao ni sehemu ya mkusanyiko. Usiende na maswali kwanza. Nenda na koti, likabidhi mikononi, agiza kahawa, unyamaze. Mkono ukishagusa kitambaa kile cha kuteleza, mtu huanza mwenyewe: ngazi zilivyokuwa zikiteleza, mate yalivyoganda kwenye ndevu, mwenyeji aliyempa glavu kituoni. Ndipo uulize jina la mji, mwaka, na alilala wapi. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Mpigie tena baada ya siku chache, kwa kuwa lililo bora mara nyingi hukumbukwa usiku.

Kuhusu kukopesha

Ukishajulikana, vijana wanaokwenda Kilimanjaro watabisha hodi. Koti lenye utando mzima na lisilo na tiketi wala beji mwazime bila wasiwasi, lilitengenezwa kuvaliwa. Andika namba yake na tarehe ya kurudi, toa kila kilichomo mifukoni, na mwombe arudi nalo bila kulifua. Viatu, vifungio na kofia ngumu za zamani usimwazime mtu yeyote kwa sababu yoyote.